Neno "Huenda" Barazani

Na lifikiriwe baraza moja lililokutanika chini ya mti, mahali popote katika vilima vya Embu au vya Meru, kuamua ugomvi wa mpaka. Majirani wawili wanagombania kipande cha ardhi kisichozidi upana wa hatua sita. Lakini katika nchi ambamo shamba zima la mtu mara nyingi ni ekari mbili au tatu, hatua sita si jambo dogo. Mmoja wao asimama, aichoma fimbo yake katika udongo, na kusema: "Mpaka ni hapa. Baba yangu alionyeshwa na babu yangu, nami nilionyeshwa na baba yangu. Asemaye vingine ni mwongo." Kisha aketi, na jamaa zake wapiga makofi.

Baada yake ainuka mzee mmoja, shahidi wa upande wa pili. "Wazee wenzangu," asema, "nionavyo mimi, mpaka ulipita karibu na jiwe lile. Lakini siku zile nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na huenda nakosea. Yuko mama mmoja aliyekuwa akilima hapa kabla sijaingia jandoni. Ingefaa aitwe, aulizwe."

Vijana wa upande wake wanung'unika. Waona mzee amewaharibia kesi yao. Wao walitaka shahidi wa kusema neno moja na kulipigilia kama msumari, naye mzee wao ameleta "nionavyo", na "huenda", na "ingefaa"! Katika fikira zao, mtu asemaye hivyo ama hajui kitu, ama aogopa.

Walakini jambo hili latakiwa kutazamwa kwa utulivu. Mzee amesema alilolijua. Ameonyesha jicho lake liliona mpaka wapi. Na tena amelielekeza baraza mahali ambapo ujuzi zaidi waweza kupatikana. Mtu wa kwanza hakufanya ila jambo moja: amefunga mlango, na yeye mwenyewe yumo ndani. Yule mama akija akaonyesha mahali pengine, mtu huyu hana njia ya kurudi nyuma pasipo kujiita mwongo, na kumwita marehemu baba yake mwongo pamoja naye. Kwa hiyo atashindana, hata kama moyoni ameanza kuona shaka. Kesi nyingi za mashamba hudumu miaka mingi, zikamaliza ng'ombe na mbuzi wa pande zote mbili. Mara nyingi sababu si kwamba ukweli umefichika sana, bali ni kwamba mtu mmoja alisema siku ya kwanza neno asiloweza kulirudisha.

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kuacha mlango wazi. Kuna labda, pengine, yamkini, yaelekea, yaonekana, nadhani, nionavyo, kama sikosei. Na tena kuna ile silabi ndogo ya "nge" ambayo hulainisha agizo likawa shauri, kama mtu asemapo "ingefaa" badala ya "yapasa". Historia ya neno "labda" yafurahisha. Asili yake ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya "hapana budi", yaani jambo lisiloepukika. Watu wa pwani walilipokea neno hilo gumu wakalitumia vizazi vingi hata likawa laini, na leo maana yake ni kinyume kabisa cha lilikotoka. Na "huenda" si kitu kingine ila kitendo cha kwenda: jambo lenyewe bado li njiani, halijafika.

Nchi za Meru na Embu zina sababu zao wenyewe za kulithamini neno hili, na sababu mojawapo imesimama katika mistari juu ya kila kilima: ni mikahawa.

Kahawa ilifika Kenya mwaka 1893, ikiletwa na mapadri wa Kifaransa. Masetla wakaipanda kwa wingi, ikawa mali kubwa. Lakini kwa muda wa miaka mingi Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kuipanda ili aiuze. Sababu zilizotolewa na masetla zilikuwa nyingi, na zilitolewa kwa sauti ya mtu asemaye kwamba maji huteremka mlima. Ilisemwa kwamba Mwafrika hawezi kuitunza kahawa. Ilisemwa kwamba shamba lake litakuwa maskani ya wadudu na magonjwa, nayo yatavuka yaingie katika mashamba makubwa. Ilisemwa kwamba wezi watapata pa kuuzia kahawa ya wizi, na kwamba jina jema la kahawa ya Kenya litaharibika katika soko la London. Iko na sababu nyingine iliyotajwa kwa sauti ya chini zaidi, nayo ni kwamba mtu mwenye kahawa yake nyumbani hataona haja ya kwenda kuchuma kahawa ya mwingine kwa mshahara mdogo.

Hakuna aliyesema "huenda". Na ajabu ni kwamba ushahidi wa kinyume haukuwa mbali. Ng'ambo ya mpaka, katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walikuwa wakilima kahawa yao wenyewe, na mwaka 1925 walianzisha chama cha wakulima wa kahawa. Mwaka 1933 wakawa na chama kikuu cha ushirika. Mtu aliyetaka kujua kama Mwafrika aweza kutunza mkahawa alihitaji tu kupanda gari akatazame. Lakini mwenye kusema "haiwezekani kamwe" hasafiri kwenda kutazama. Atafute nini, naye amekwisha kujua?

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya mabishano mengi, serikali ilikubali jaribio dogo, na kanuni za kilimo hicho zikatolewa mwaka 1934. Wilaya zilizochaguliwa zilikuwa Meru, Embu na Kisii. Hazikuchaguliwa kwa heshima, bali kwa kuwa zilikuwa mbali na mashamba ya masetla, ili magonjwa yakizuka yasiwafikie. Miche ilikuwa michache na masharti yalikuwa makali: jinsi ya kuchimba mashimo, jinsi ya kutandaza majani makavu chini ya miti, jinsi ya kupogoa. Mkulima wa Meru au Embu aliyechukua miche ile alikuwa akifanya kazi mbele ya macho ya watu wengi waliotamani ashindwe.

Hata hivyo lile jaribio, pamoja na ukali wake wote, lilikuwa bora kuliko yale maneno ya miaka iliyotangulia. Kwa maana jaribio ni "huenda" iliyotiwa udongoni. Lasema: huenda itaota, huenda itakufa, na tutazame. Mikahawa ikaota, wakulima wakaitunza, na kahawa ikawa nzuri. Baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954, uliotungwa na Bwana Roger Swynnerton, ruhusa ikapanuliwa sana katika wilaya nyingine, na baadaye wakulima wadogo walifikia kutoa zaidi ya nusu ya kahawa yote ya Kenya. Leo kahawa ya miteremko ya Mlima Kenya yajulikana na wanunuzi wa nchi za mbali kwa ladha yake. Lakini tangu 1893 hata 1934 ni miaka 41. Nani aweza kuhesabu karo ambazo hazikulipwa katika miaka hiyo, na nyumba za mabati ambazo hazikujengwa, kwa sababu ya watu waliosema kwa hakika jambo ambalo hawakulijaribu?

Wala si masetla peke yao walio na ugonjwa huo. Mwaka 1985 kituo cha uchunguzi wa kahawa cha Ruiru kilitoa mbegu iitwayo Ruiru 11, na mwaka 2010 kikatoa nyingine iitwayo Batian. Zote mbili zilikuzwa ili zistahimili ule ugonjwa wa kuoza matunda, na pia kutu ya majani. Kustahimili ni neno lililopimwa. Lakini bwana shamba mwenye haraka, au mfanya biashara wa miche, huligeuza akasema: "Mti huu hauugui kamwe." Basi mkulima huenda zake, haangalii tena majani wala matunda. Siku aonapo doa la kwanza, haulizi ni doa gani. Humlaani bwana shamba, hung'oa miti, na hasikilizi tena shauri lolote la wataalamu. Lau angeambiwa, "Mti huu hustahimili zaidi kuliko ile ya zamani, lakini endelea kuutazama, na kwa mwaka wa kwanza labda panda mistari michache," angelikuwa na mistari yake michache, na urafiki na bwana shamba ungalikuwapo.

Jambo la pili ambalo hapana mkulima wa sehemu hizi asiyelifahamu ni mvua. Watu wa Mbeere na wa sehemu za chini za Meru huishi kwa misimu miwili, ule wa Machi mpaka Mei, na ule wa Oktoba mpaka Desemba. Na huko chini mvua za Oktoba ndizo za kutumainiwa zaidi. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za upande huu wa Afrika hukutana kabla ya kila msimu na kutoa utabiri. Utabiri wao hauji kwa neno moja. Huja kwa sehemu tatu: yaani mvua kuzidi kawaida, kuwa ya kawaida, au kupungua. Mathalan, wasema kwamba katika 100, mvua kuzidi ni 45, kuwa ya kawaida ni 35, na kupungua ni 20.

Wakulima wengi huona maneno hayo kama ujanja wa mtu asiyetaka kushikwa. Sivyo. Hiyo ni "huenda" iliyopimwa katika mizani. Maana yake ni kwamba kama ingewezekana kukusanya pamoja miaka 100 yenye dalili kama za mwaka huu, yapata 45 ingekuwa ya mvua nyingi, lakini 20 ingekuwa ya njaa. Mkulima mwenye busara huelewa mara moja la kufanya. Hapandi shamba lote mahindi ya kukawia ati kwa kuwa mvua nyingi yaongoza. Wala hapuuzi habari yote ati kwa kuwa wataalamu hawakuapa. Hutenga sehemu kubwa kwa mahindi, na sehemu nyingine huipa mtama na pojo, ambazo zikikosa mvua moja hazifi. Ile 20 ameilipia bima kwa jembe lake.

Hatari huja pale "huenda" ya mtaalamu ipitapo katika kinywa cha mtu mwingine. Katika mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikuwa imetangaza kwamba dalili za El Niño zaonekana baharini, na kwamba mvua za Oktoba mpaka Desemba zaelekea kuzidi kawaida. Mwezi wa Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba wataalamu sasa wasema El Niño haitakuwapo, ila mvua tu iliyozidi kidogo. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, kwa maana hakuna apendaye mafuriko. Mwezi wa Novemba mito ikafurika, madaraja yakachukuliwa, na zaidi ya watu 100 wakafa katika Kenya. Katika utabiri wa wataalamu mlikuwamo uwezekano wa mambo yote, makubwa na madogo. Lakini mtu akiambiwa "haitakuwapo", hahamishi mbuzi wake kutoka bondeni. Yawezekana wako waliopona kwa sababu tu hawakusikiliza redio juma lile, na hilo si jambo la kujivunia kwa nchi yoyote.

Hapa yafaa kusemwa jambo juu ya "labda" ya uongo, kwa maana nayo iko, na katika ofisi imejaa. Mkulima aja katika ofisi ya chama cha ushirika kuuliza malipo ya kahawa yake. Karani ajua vema kwamba fedha hazijafika, na kwamba hazitafika kabla ya miezi miwili. Walakini ajibu: "Labda juma lijalo, Mzee. Jaribu kupita." Mzee apanda gari tena juma lijalo, alipa nauli tena, na kujibiwa tena. "Labda" hiyo haikuacha mlango wazi. Ilitumiwa kumtoa mzee nje bila kumsukuma. Mtu ajuaye jambo kisha akasema "labda" amedanganya sawasawa na yule asiyejua aliyesema "hakika". Vile vile kuna mambo yasiyotaka "huenda" hata kidogo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni sumu, wala si "huenda ni sumu". Deni ni deni. Na kijana aendaye kwa wazazi wa msichana kueleza nia yake akaanza kwa kusema "huenda nikamwoa", na ajitayarishe kurudi kwao mapema.

Lakini katika kazi zile zile za ofisi, neno lenye kiasi hufanya mengi mema ambayo ukali hauyawezi. Na ichukuliwe barua ya karani wa chama kwenda kwa msimamizi wa kiwanda cha kahawa. Karani ameona kwamba kitabu cha mizani chaonyesha kilo 312, na stakabadhi ya mkulima yaonyesha kilo 321. Damu yachemka, wakulima wamelalamika siku nyingi. Kalamu yataka kuandika: "Hesabu zako ni za wizi." Karani mwenye busara aandika hivi: "Katika hesabu za tarehe 14, kitabu kina 312 na stakabadhi ina 321. Huenda tarakimu zimegeuzwa kwa bahati mbaya wakati wa kunakili. Tafadhali tupatane siku, tuvitazame vitabu vyote viwili pamoja."

Kama ni kosa la kalamu, msimamizi hulisahihisha kwa furaha, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Kama ni wizi, barua hii haikumsamehe mwizi hata senti moja. Imeomba vitabu vifunguliwe mbele ya watu wawili, na vitabu ndivyo vimkamatavyo mwizi, si matusi. Ile barua ya kwanza ingempa msimamizi nafasi ya kuacha habari za kilo na kuanza kuzungumza habari za kutukanwa kwake. Na msimamizi mwenye hatia hana zawadi aipendayo kuliko hiyo.

Wako watakaosema kwamba adabu hii ni ya wadogo mbele ya wakubwa, na kwamba mkubwa hana haja nayo. Yaelekea kinyume ndicho kweli. Mdogo akikosea kwa maneno makali, wenzake humcheka, yakaisha. Mkubwa akikosea hivyo, huumia watu ambao hata hawakuwapo aliposema.

Meru wana kumbukumbu chungu ya jambo hilo. Baraza lao kuu la wazee ni Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, na nguvu yake tangu kale imekuwa katika kuzungumza mpaka shauri liive na wote wakubaliane. H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, na ambaye Waswahili wamkumbuka kwa uchunguzi wake wa lahaja za pwani, alilitazama sana baraza hilo, akaona kwamba serikali ingefanya vema kufanya kazi pamoja nalo. Mwezi wa Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, Njuri Ncheke, likihimizwa na maofisa wa serikali, lilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru.

Shabaha ya amri ile haina haja ya kutetewa hapa. Desturi hiyo huumiza mwili wa msichana na kumtia hatarini siku ya kuzaa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yaikataza. Lakini Njuri lilikuwa baraza la wanaume, na tohara ya wasichana ilikuwa shauri la wanawake, tangu mwanzo hata mwisho. Amri ilitoka imekamilika, bila swali ndani yake. Na jibu lilikuja upesi kutoka mahali ambapo wazee hawakutazamia. Wasichana walinunua nyembe, wakaenda vichakani, wakajikata wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyeandika habari hizo baadaye baada ya kuzungumza na wanawake wa Meru, aeleza kwamba kati ya 1956 na 1959 watu zaidi ya 2,400, wasichana na wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuvunja amri hiyo. Wazazi walitozwa faini. Wasichana walipata majeraha ambayo labda hawangeyapata hata kwa mkono wa ngariba mzoefu. Na desturi yenyewe haikufa.

Miaka 40 baadaye, katika nchi ya Tharaka iliyo jirani ya Meru na Embu, jambo lile lile lilishikwa kwa mkono mwingine. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilikwenda kwa akina mama kwanza, kikauliza: je, katika desturi hii ni lipi hasa mlipendalo? Kwa muda wa miaka kadhaa watu walizungumza, na polepole ikaonekana kwamba akina mama wengi hawakuupenda ule wembe. Walilolithamini ni yale mafundisho ya siku za kukaa ndani, na zile nyimbo na zawadi, na furaha ya kumwona binti akitambuliwa mbele ya watu kwamba amekua. Basi wakaulizana tena: huenda mambo hayo yangewezekana bila wembe? Mwezi wa Agosti 1996, mahali paitwapo Gatunga, mabinti wa familia zipatazo 30 walikaa ndani juma moja, wakafundishwa mambo ya mwili na ya utu uzima, kisha wakatoka kwa nyimbo na zawadi, miili yao ikiwa mizima. Jambo hilo likapewa jina la Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Desturi ya zamani haikwisha siku ile, na mahali pengine yafanywa kwa siri hata sasa. Lakini kutoka Gatunga utaratibu huo ulienea katika wilaya nyingine za Kenya.

Kule barazani, yule mama ameitwa, naye amefika, akiongozwa na mjukuu wake. Macho yake si mazuri siku hizi, hivyo aomba asogezwe mpaka kwenye shamba lenyewe. "Wanangu," asema, "jiwe silikumbuki. Lakini palikuwa na mti wa muringa hapa, ulikatwa mwaka wa njaa. Kama sikosei, kisiki chake kilibaki chini ya udongo. Hebu chimbeni hapa nilipokanyaga. Kama hakipo, sogeeni kidogo kuelekea mtoni."

Vijana wachimba, hakuna kitu. Wasogea kuelekea mtoni, wachimba tena, na jembe lagonga kisiki kilichooza. Mzee wa baraza apima kwa miguu. Kutoka kwenye jiwe la yule shahidi ni hatua mbili. Kutoka kwenye fimbo ya mtu wa kwanza ni hatua nne.

"Lo! Basi nilikosea hatua mbili," asema shahidi, akicheka, na watu wote wa upande wake wacheka pamoja naye. Akunja mikono ya kanzu, ashika jembe, na kuanza mwenyewe kuchimba shimo la alama.

Mtu wa kwanza bado ameishika fimbo yake pale alipoichoma asubuhi, na watu wote wamtazama.